Inchi Moja na Nusu

Suruali ya nne ilikuwa ile ya kaki ya kwenda kanisani, na ndiyo iliyomtesa Velda kuliko zote. Alikuwa ameipakata karibu na dirisha, miwani imemshuka puani, akichokoa uzi mmoja mmoja kwa kisu chake kidogo cha kufumulia. Uzi haukutaka kutoka. Aliushona mwenyewe miaka sita iliyopita, mistari mitatu, kwa nailoni ya kushonea mahema, maana Burl, mumewe, alikuwa amemwambia, "Nishonee kitu cha kuzikwa nacho, bibie." Sasa kazi ya mkono wake mwenyewe ilikuwa inambishia.

Saa tisa na robo, Jumamosi. Dub, rafiki yake Burl, alikuwa amemchukua kwenda kunyolewa, na kinyozi wa hapa kwetu anaongea kuliko anavyonyoa, kwa hiyo wasingerudi kabla ya saa kumi. Suruali tatu tayari, tatu bado.

Kila suruali ya Burl Stroud ilikuwa na inchi moja na nusu ya ziada kiunoni. Hiyo haikuwa nafasi ya tumbo. Ilikuwa nafasi ya bastola, inayokaa ndani ya suruali upande wa kulia, kwenye ala yake ya ngozi, shati likishushwa juu yake. Hapa Harlow Bend, Texas, hakuna anayeeleza mambo hayo. Mwanamume huja kwa Velda na suruali mpya, anajikuna shingo, anasema, "Niongezee kidogo hapa, mama, unajua tena umri." Velda anamtazama tumbo, anaona halijaongezeka hata punje, kisha anauliza swali moja tu: "Kulia au kushoto?"

Miaka thelathini na minane ya cherehani ile. Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri za viuno vya mji huu alizijua Velda. Mchungaji, kulia. Coy Maddox wa duka la vyakula vya mifugo, kushoto, kwa sababu ni mashoto. Mwalimu wa piano, mama wa watu mpole asiyeua hata buibui, kwapani, ndani ya kimfuko cha pamba chenye kifungo kimoja. Ukituona mtaani utadhani sote tunakwenda kununua maziwa. Velda peke yake ndiye aliyetuona tulivyo, na hakuwahi kufungua mdomo, hata kwa mumewe.

Leo alikuwa anaziondoa zile inchi. Na alikuwa anaziondoa kwa wizi, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kisa chenyewe kilianza Jumanne, kwa Nadine. Nadine ana mkahawa pale njia panda, na asubuhi ile alikuwa amefura. Mkononi alishika kibao kipya cha kubandika mlangoni: marufuku kuingia na silaha.

"Nimechoka!" akasema, akikipunga juu ya vichwa vya wateja. "Wiki iliyopita nimeingia choo cha wanaume kusafisha, nikakuta bastola imekaa juu ya karatasi za chooni, imejaa risasi. Mtu amemaliza haja yake, amepandisha suruali, huyoo, amekwenda kula mayai! Ni nani? Aseme!"

Coy Maddox akainamia kahawa yake, masikio mekundu.

"Bandika, Nadine, bandika," Dub akasema, mdomo umejaa. "Mwizi atafika mlangoni, atasoma, atasema aa, samahani, kumbe hapa hawaruhusu, ngoja nirudi nyumbani." Watu wakaangua kicheko. "Na siku akiingia mwendawazimu na bunduki yake utafanyaje? Utampiga na kikaango?"

"Nitampiga na wewe, kichwa kigumu." Kicheko tena. Lakini Nadine hakuwa anacheka. "Hivi nyie mnaogopa nini kiasi hicho? Mnakuja kunywa kahawa, hamji vitani."

"Muulize Burl," Dub akasema.

Vicheko vikakatika. Sote tunajua habari ya Wendell, mdogo wake Burl, aliyepigwa risasi mwaka 1983 kwenye kituo cha mafuta alikokuwa akifanya kazi. Burl alikuwa amekwenda kumsalimu, akaingia chooni. Alipotoka, Wendell alikuwa chini, bado anapumua, na mwenye bunduki bado amesimama. Wakatazamana. Kisha yule mtu akaondoka zake taratibu kama mteja aliyekwisha hudumiwa.

"Nilikuwa na mikono mitupu," Burl akasema, akiitazama mikono yake juu ya meza. Ni maneno yaleyale aliyoyasema miaka yote. "Mikono mitupu, na taulo la karatasi." Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, nani angemlaumu? Nadine akakigeuza kile kibao kikatazama ukuta, akaenda kuleta kahawa.

Dub akainuka kwenda kulipa. Aliporudi alipitia nyuma, akambamiza Burl kofi la bega. "Twende, mzee!"

Mkono wa kulia wa Burl ukaingia chini ya shati.

Velda alikuwa ameketi upande huo. Akauwahi, akaweka kiganja chake juu ya kiganja cha mumewe, akahisi chuma kimeshaanza kutoka. "Ni Dub," akamnong'oneza. "Burl. Ni Dub." Burl alikuwa amegeuka anamtazama Dub, rafiki yake wa miaka hamsini, mtu aliyepanda naye nguzo za umeme kaunti nzima, na machoni mwake hamkuwa na Dub. Mlikuwa na mgeni aliyekuja kwa nyuma. Kisha kitu kichwani mwake kikarudi mahali pake. "Mbwa wewe," Burl akamwambia, akacheka, na Dub naye akacheka. Hakuna mwingine aliyeona.

Ila Velda aliona, na akakiona chumba kile kama yeye peke yake anavyoweza kukiona. Pale Coy, kushoto. Meza ya dirishani, kulia na kulia. Pale mwalimu wa piano na sweta lake. Saba kwa jumla, bila kumhesabu Burl. Ya Burl ikitoka, zote zinatoka, maana ndivyo walivyojiapiza, kwamba siku ikifika watalinda wenzao. Na wangemlinda nani? Wangemuua Burl, wakiamini wanaokoa watu, na labda Dub pia, na labda Nadine aliyesimama nyuma yao na birika. Wote saba wamevaa nguo alizowashonea yeye.

Msidhani hakujaribu njia nyingine. Mwezi wa tatu daktari aliwaambia jina la ugonjwa ule unaokula kumbukumbu, akamshauri Velda afiche funguo za gari. Akauliza pia kama kuna silaha nyumbani. Burl akamjibu, "Daktari, kwani wewe umehamia Texas lini?" Wakacheka wote watatu, swali likaishia hapo.

Mwezi wa tano Velda aliifukia bastola ndani ya kopo la unga. Burl aligeuza nyumba juu chini, akalia, akamsingizia jirani wizi, na kesho yake akaenda dukani kwa miguu akarudi na mpya. Nani angemnyima Burl Stroud, mtu mwema kama yule? Velda akairudisha ile mpya dukani, akaipangusa ya zamani unga, akasema ilikuwa imeanguka nyuma ya kabati.

Kuitoa risasi je? Kichwa cha Burl kilikuwa kimesahau, mikono bado. Kila asubuhi aliifungua, akazihesabu, akaifunga. Hakujua ni mwezi gani lakini alijua risasi ni ngapi. Na hata kama angedanganyika: bastola tupu ikitoka pale kwa Nadine, zile saba zingejuaje kuwa ni tupu?

Kusema, hakuthubutu. Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo alilisikia tangu utotoni. Lakini akisema, kila mwanamume mjini atakuwa anamtazama Burl huku mkono uko kiunoni. Aliona kheri Burl mwenyewe aiache nyumbani, kwa hiari yake, bila kunyang'anywa na mtu. Na hapo Velda alikuwa na silaha moja tu anayoijua.

Saa kumi kamili gari la Dub likaingia uani. Velda akazitundika suruali zote sita kabatini, akaokota nyuzi, akazisokomeza mfukoni mwa aproni. Ya saba, aliyoivaa Burl, angeilowesha kwenye maji ya kufua usiku ule.

"Shemeji, nimekuletea bwana harusi!" Dub akapaza sauti toka mlangoni. "Kinyozi amempunguzia miaka kumi!"

"Amenipunguzia sikio," Burl akasema, akijishika. "Jicho lake moja liko kwenye televisheni."

Velda akawamiminia chai ya barafu. Burl alipokwenda bafuni kujikung'uta nywele, Velda akamshika Dub mkono wa shati.

"Dub, nisikilize. Usimjie Burl kwa nyuma tena. Mwite kwanza. Simama mbele yake akuone uso."

"Masikio yamekufa?"

"Ndiyo. Masikio."

Dub akamtazama. Si mjinga yule, ingawa anapenda kujifanya. "Shemeji," akasema taratibu, "leo kwa kinyozi ameniita Wendell. Mara mbili."

"Ukafanyaje?"

"Nikaitika." Akaizungusha kofia yake mkononi. "Ningefanyaje, mama wee?"

Maneno yalimfika Velda kooni. Yote, ya Jumanne, ya daktari, ya suruali. Kisha akaona mkunjo kwenye shati la Dub, nyonga ya kulia, juu ya ukanda wa suruali alioupanua yeye mwenyewe kabla ya Krismasi. "Kunywa chai yako," akasema. "Barafu inayeyuka."

Jumapili, saa mbili na nusu asubuhi, Burl akaita toka chumbani.

"Velda! Hii suruali imekuwaje?"

Alikuwa amesimama mbele ya kioo, shati wazi, ala ya ngozi mkononi na bastola ndani yake. Suruali ya kaki ilimkaa sawasawa kiunoni kama suruali ya mtu yeyote. Akiichomeka ala, haiingii. Akilazimisha, kifungo hakifungi.

"Umenenepa," Velda akasema, kwa sauti ileile anayowaambia maharusi kwamba wamekonda.

"Mimi?"

"Wewe. Si hizo pai za Nadine? Nilikuonya."

"Jana ilinienea."

"Jana hukuivaa hiyo."

Ilikuwa kweli. Burl akaivua, akajaribu ya kijivu, akajaribu ya bluu, akazijaribu zote sita moja baada ya nyingine, akipumua kwa nguvu. Mwishowe alikuwa amesimama na soksi zake katikati ya suruali zilizotapakaa sakafuni, mzee wa miaka sabini na minne, na Velda alitamani ardhi ipasuke.

"Nifungulie kidogo tu, bibie," Burl akasema. "Dakika kumi. Nitangoja."

Katika miaka yote ya cherehani Velda hakuwahi kumkatalia mtu hilo. "Leo Jumapili," akasema. "Sishoni Jumapili, unajua."

Burl akaiokota ile ya kaki. Akapitisha kidole gumba ndani ya ukanda wa kiuno, polepole, kuelekea nyuma, upande wa kulia. Kidole kikafika pale uzi mpya ulipoanza, kikasimama. Kikabaki hapo. Alijua? Velda alimtazama usoni na hakuweza kusema kama alijua ama alikuwa amesahau kidole chake kinatafuta nini.

"Basi nitakwenda mikono mitupu," Burl akasema. Hakukasirika. Afadhali angekasirika, maana ile sauti yake ya unyonge ilimchoma Velda moyoni.

"Nitakaa kulia kwako. Hakuna atakayekufikia bila kunipitia mimi."

"Wewe una nini? Una sindano tu."

"Na sindano zangu unazijua?"

Loo, alivyocheka! Alicheka hadi akakaa kitandani. "Tangulia kwenye gari," akamwambia, akipangusa macho. "Nakuja." Velda akangoja nje funguo mkononi, akisikia droo zikifunguliwa na kufungwa, na Burl alipotokea barazani shati lilikuwa limelala bapa ubavuni mwake. Velda akashukuru Mungu kabla hata ya kufika kanisani.

Baada ya ibada kulikuwa na chakula ukumbini, kuku wa kukaanga na saladi ya viazi na pai za njugu za pekani meza nzima. Burl alikula vizuri. Alimwita kila mtu "kijana wangu," ujanja wake wa siku hizi wa kukwepa majina. Dub alikuja kwa mbele, kofia juu, akipunga mikono kama mtu anayeongoza ndege kutua, mpaka Burl akamwuliza kama amelewa. Lakini Coy Maddox hakuwa ameambiwa kitu. Coy akaja kwa nyuma na sahani yake, akamshika bega. "Mzee Stroud!"

Mkono wa Burl ukaingia chini ya shati. Mkono ukapapasa, ukakuta kitambaa, ukapapasa tena. Ukatoka. Burl akautazama kidogo kana kwamba ni wa mtu mwingine, kisha akamnyooshea Coy, na Coy akaushika akautikisa.

Velda alilia pale pale, akasema ni kitunguu cha kwenye saladi.

Walifika nyumbani saa nane. Mlangoni akamkumbatia mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu 1983 hakuna kitu kigumu kilichomgusa ubavuni. Alikaa naye hivyo kwa muda mrefu. Burl akampigapiga mgongoni, akauliza kama kuna msiba. "Hakuna," Velda akasema. "Kaa, nikuletee maji."

Lakini kwanza alikwenda chumbani. Alikuwa ameshapanga: ataichukua sasa, ataifungia kwenye sanduku la chuma, na Jumatatu ataipeleka kwa dada yake maili mia mbili kutoka hapa. Burl akiiulizia atasema imo nyumbani, na suruali hazitamruhusu kuivaa, na mwisho ataacha kuuliza. Akafungua droo ya kando ya kitanda.

Ala ya ngozi ilikuwemo. Bastola haikuwemo.

Akatazama chini ya mto. Chini ya godoro. Kabatini, ndani ya buti, mifukoni mwa makoti ya baridi. Akarudi sebuleni, akajilazimisha kutembea.

"Burl, uliiweka wapi?"

"Nini?"

"Bastola."

"Aa." Akatabasamu, amejaa fahari. "Mahali pazuri. Mwizi hawezi kupafikiria."

"Wapi?"

Akafungua mdomo kujibu. Velda aliliona tabasamu likimtoka usoni kidogo kidogo. Akatazama dari, akatazama mikono yake, akaipapasa nyonga ya kulia. "Ilikuwa leo?"

"Leo asubuhi. Kabla ya kanisa."

"Tulikwenda kanisani?"

Velda akapiga magoti mbele ya kiti chake. "Imejaa risasi, Burl?"

"Siku zote," Burl akasema, na hilo alilisema bila kusita.

"Kaa hapa basi. Usiinuke. Nitaitafuta mimi."

Akaenda chumba cha cherehani, maana ndicho kilichokuwa karibu. Akamwaga kapu la vitambaa. Akafungua kopo la vifungo, sanduku la zipu, akachungulia nyuma ya pasi. Akajichoma pini mara mbili. Miaka arobaini aliijua bastola ile ilipo, saa yoyote, hata macho amefumba. Ilikuwa ndani ya ile inchi moja na nusu, kwenye nyonga ya mumewe. Ni yeye aliyeifukuza pale, kwa sindano yake, na sasa ilikuwa popote. Alimwomba Mungu amsamehe, huku anapekua.

Kule jikoni akasikia droo ikivutwa. Burl ameinuka. Naye anatafuta.

"Burl! Nimekuambia ukae!"

Droo ya vijiko. Akaijua kwa kelele zake. Kisha ya visu. Kisha kabati la masufuria, mfuniko mmoja ukianguka na kuzunguka sakafuni mpaka ukatulia. Velda akaacha vitambaa, akachukua mikasi asijue kwa nini ameichukua, akasimama. Kabati la juu likafunguliwa, lile la makopo. Kopo zito, lile la unga, likakwaruza rafu.

Kisha jikoni kukawa kimya.

"Burl?"

Alikuwa anamsikia akipumua. Hatua moja ya kiatu cha kanisani juu ya sakafu, halafu ya pili.

"Nani yuko humo ndani?" Burl akauliza. Haikuwa sauti aliyomwitia mkewe hata siku moja.

Velda akaiweka mikasi juu ya meza, taratibu, isilie. Akanyoosha mikono yake miwili mbele, mitupu, viganja wazi, mahali ambapo ingeonekana kwanza. Kisha akaanza kutembea kuelekea mlangoni, akilitaja jina lake mwenyewe.